Kufuli la Mandhari Lifunge Mashine, Lisimfunge Mtu

Ukiingia katika benki, ofisi ya halmashauri au chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, mara nyingi utakuta skrini zote zimevaa picha moja: nembo ya taasisi juu ya rangi ya bluu, jengo la makao makuu, au kaulimbiu ya mwaka. Anayejaribu kuweka picha nyingine hukuta kitufe kimefifia, na karibu yake maandishi yanayosema kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi. Wengi huishia hapo na kurudi kazini. Lakini kitufe hicho hakikufifia chenyewe. Kuna mtu wa IT aliyekaa akaamua, mara nyingi kwa dakika chache, bila kuulizwa na yeyote na bila kuandika sababu. Msimamo wangu ni huu: kompyuta inayotumiwa na watu wengi kwa zamu ifungwe mandhari, tena ifungwe barabara, na kompyuta ambayo mtu mmoja huikalia kutwa nzima iachwe huru, isipokuwa pana sababu inayoweza kutajwa waziwazi. Taabu ni kwamba zana tulizonazo, tukizitumia jinsi zilivyo, hutufanyisha kinyume chake.

Wapo wanaoona kwamba picha ya mandhari haistahili mjadala. Historia haiwaungi mkono. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984, yenye skrini ya rangi mbili tu, ilimpa mtumiaji nafasi ya kujichorea ruwaza ya skrini yake, nukta kwa nukta, ndani ya mraba wa nukta 8 kwa 8. Windows 3.0 ikaja na picha za mandhari mwaka 1990. Na mwaka 2009, Microsoft ilipotoa Windows 7, toleo la chini kabisa lililoitwa Starter, ambalo lilikuja ndani ya zile kompyuta ndogo za bei nafuu, lilimnyima mnunuzi uwezo wa kubadili mandhari. Aliyetaka picha ya mwanawe kwenye mashine aliyoinunua kwa pesa zake alitakiwa alipie toleo la juu. Hata Windows 10 ambayo haijaamilishwa hufunga ukurasa wa mapambo mpaka leseni ipatikane. Mfanyabiashara hakuwekei kizuizi kwenye kitu usichokijali ili akusukume ulipe. Waliounda kompyuta wanajua tangu zamani kwamba mtu hupenda kuitia alama yake mashine anayofanyia kazi.

Kuna ushahidi wa karibu na suala hili. Mwaka 2010 Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha majaribio waliyoyafanya juu ya vyumba vya kazi. Kundi moja lilifanya kazi katika chumba kitupu, la pili katika chumba kilichopambwa na wengine kwa mimea na picha, la tatu likaruhusiwa kujipambia. La nne lilijipambia, kisha msimamizi akaingia na kupanga upya kila kitu mbele ya macho yao. Waliopambiwa waliwazidi wa chumba kitupu kwa takriban asilimia 17 katika kazi. Waliojipambia wenyewe waliwazidi kwa takriban asilimia 32. Lile kundi la nne faida yake yote ilipotea, ingawa chumba chao kilikuwa na mimea na picha kama vyumba vya wenzao. Watafiti hawa walipima vyumba, hawakupima skrini, na sitauvuta utafiti wao kupita pale ulipofika. Ila hali ya lile kundi la nne ndiyo hasa anayoikuta mfanyakazi aliyekuwa na picha ya familia kwenye skrini yake, akaja Jumatatu akakuta nembo.

Sasa tugeukie mashine za kushirikiana, maana huko hoja hugeuka kabisa. Mwalimu yeyote wa kompyuta anaujua utundu huu: mwanafunzi anapiga picha ya skrini ikiwa na ikoni zake zote, anaiweka picha hiyo kuwa mandhari, halafu anazificha ikoni halisi. Anayefuata anabofya, anabofya tena, hakuna kinachofunguka. Kipindi ni cha dakika 40, mwalimu yuko peke yake na wanafunzi wengi, na dakika 10 zimekwenda kwa mashine moja ambayo haina kasoro yoyote. Kuna pia picha chafu, picha ya kumdhihaki mwenzao, picha ya mwalimu iliyochezewa. Kompyuta ya darasani haina mwenyewe, kwa hiyo anayeipamba anaipamba kwa gharama ya mwingine. Kafe za intaneti ziliijua kanuni hii mapema. Nyingi ziliweka Deep Freeze, programu inayoirudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya. Microsoft nayo ilitoa zana ya bure kwa mashine za namna hiyo, Windows SteadyState, lakini haikuiendeleza kwa ajili ya Windows 7, na shule zilizoizoea zikabaki kutafuta njia nyingine.

Mashine ya kaunta ya umma naiweka kundi hilohilo, hata kama mhudumu wake ni mmoja. Skrini inayoelekea kwa mwananchi ni sehemu ya ofisi, sawa na ukuta. Ukutani tumezoea kuona picha rasmi ya Rais, na hakuna anayeiona kama msimamo wa karani. Lakini karani akiweka kwenye skrini picha ya mgombea wake wakati wa kampeni, mwananchi aliyekuja kufuata cheti cha kuzaliwa atajiuliza kama atahudumiwa kwa haki. Hata picha isiyo na siasa ina shida yake: mtoto wa karani, jina la shule yake kifuani mwa sare, anatazamwa na kila mtu aliye kwenye foleni. Hapo kufuli linamlinda karani mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yenyewe si ngumu kuielewa. Ugumu huanza unapotaka kuitekeleza kwenye Windows, ambayo ndiyo mfumo wa ofisi nyingi na shule nyingi kwetu.

Tangu Windows 2000, taasisi zenye domeni, yaani kompyuta zilizounganishwa chini ya usimamizi mmoja, hudhibiti kompyuta zao kwa sera za kundi: msimamizi anaandika sera kwenye seva, kompyuta zinaichukua na kuitii. Kwa mandhari kuna sera mbili, na watu wengi huziwasha bila kujua kwamba hazifanani. Moja inamzuia mtumiaji asibadilishe. Kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi yake ya mipangilio, hujitokeza kwa jina la NoChangingWallPaper. Nyingine inaitaja picha yenyewe, faili lake liko wapi na likae vipi kwenye skrini. Ukiwasha ile ya kwanza peke yake, unagandisha chochote kilichokuwepo: kama mwanafunzi ameshaweka utundu wake, umeufungia ndani, na sasa hata mwalimu hauondoi. Ukitaka picha ijulikane na isiguswe, anza na ile ya pili, kisha uisindikize na ya kwanza.

Matundu yapo pia. Mandhari haibadilishwi kupitia ukurasa wa mipangilio pekee. Programu nyingine zinaweza kuiomba Windows iibadilishe. Firefox, kwa mfano, humruhusu mtu kubofya picha yoyote ya intaneti na kuifanya mandhari, na Mozilla inayoitengeneza imeweka sera ya pekee ya kuiziba, DisableSetDesktopBackground. Na mtumiaji mwenye haki za msimamizi kwenye kompyuta yake hafungiki kwa sera hizi, maana anaweza kuihariri rejista au kulibadilisha faili la picha lenyewe na kuliachia jina lilelile. Mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika katika sehemu ya rejista inayohifadhi sera. Hilo ndilo linalolipa kufuli nguvu. Ofisi inayompa kila mtu haki za msimamizi, halafu ikafunga mandhari, imefunga dirisha na mlango ukabaki wazi.

Kitu kingine kinachopotezea watu muda ni subira. Msimamizi anawasha sera, anakimbilia kompyuta ya jirani, haoni mabadiliko, anadhani amekosea, anaanza kubomoa. Kwa kawaida kompyuta huuliza upya sera zake kila dakika 90, zikiongezewa muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30. Unaweza kuiharakisha kwa amri ya gpupdate /force, lakini mandhari mara nyingi haionekani mpaka mtumiaji atoke na kuingia tena.

Sasa nije kwenye kiini. Sera hizi za mandhari ziko upande wa mtumiaji, haziko upande wa kompyuta. Maana yake ni kwamba zinamfuata mtu. Mwalimu aliyewekewa kufuli kwa sababu anafundisha katika chumba cha kompyuta atalikuta kufuli hilo hadi kwenye mashine ya mezani kwake. Naye mgeni ambaye akaunti yake haimo katika kundi lililofungwa ataingia katika chumba cha kompyuta na kubadilisha mandhari apendavyo. Tumemfunga mtu tukaiacha mashine, ilhali tulichotaka kulinda ni mashine.

Dawa ipo, na imo ndani ya Windows yenyewe. Ni mpangilio uitwao loopback, nao huwekwa kwenye sera ya kompyuta. Unaiambia mashine hivi: yeyote atakayeingia hapa, mpe sera za mtumiaji zilizoandikwa kwa ajili ya mahali hapa. Unaweza kuchagua zichanganywe na sera zake mwenyewe au zichukue nafasi yake kabisa. Kompyuta za maabara, yaani za chumba cha kompyuta, zinakusanywa katika fungu lao kwenye domeni, sera ya mandhari inaunganishwa na fungu hilo, loopback inawashwa, basi. Mwalimu akikaa maabara anaona picha ya maabara. Akirudi ofisini anamkuta mwanawe anatabasamu palepale alipomwacha. Kazi hii haizidi asubuhi moja, pamoja na kuijaribu. Nimeona mara nyingi sera moja ikiunganishwa na domeni nzima kwa sababu ndiyo njia fupi, na hapo ndipo mhasibu, daktari na mwanafunzi wa kidato cha pili wanapotiwa katika kufuli moja.

Mifumo mingine hutofautiana. Linux yenye GNOME hufungia mashine: msimamizi anaandika picha katika hifadhi ya mipangilio iitwayo dconf, anaorodhesha funguo zisizoguswa katika folda ya makufuli, kisha anaendesha dconf update, na yeyote anayeingia kwenye kompyuta hiyo anakutana nazo. Tangu GNOME 42 ya mwaka 2022 kuna ufunguo wa pili kwa ajili ya mandhari ya giza, picture-uri-dark, na anayeusahau ataona kufuli lake likikwepwa kwa kubadili tu rangi ya mfumo. Ofisi ndogo zisizo na domeni zina tatizo la aina yao: kompyuta nyingi za madukani huja na toleo la Home la Windows, ambalo haliwezi kujiunga na domeni wala halina kihariri cha sera. Huko mtu huhariri rejista kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Kwa kompyuta tano inawezekana. Kwa hamsini ni afadhali kununua leseni sahihi.

Hoja ninayoisikia sana ya kufunga kila kitu ni usalama. Nimeitafakari bila haraka na naiona dhaifu. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipozikumba kompyuta katika nchi zaidi ya 150, ilibadilisha mandhari za waathiriwa kuwa tangazo la kudai fidia. Lakini picha ilikuja baada ya mafaili kufungwa. Kuilinda picha kusingeokoa hata faili moja. Kilichookoa ni sasisho ambalo Microsoft ilikuwa imelitoa mwezi Machi mwaka huohuo. Zamani kidogo, katikati ya miaka ya 2000, programu bandia za kuua virusi, SpySheriff ikiwa mojawapo, zilitandaza onyo la kutisha kwenye skrini, na baadhi ya programu za jamii hiyo zilitumia makufuli hayahaya ya sera ili mwenye kompyuta asiweze kuliondoa: kufuli lilimtumikia mshambuliaji.

Kuna kisa kimoja kinachokaribia kuipa hoja ya usalama miguu. Januari 2024 Microsoft iliziba udhaifu katika mafaili ya mapambo ya Windows. Faili la namna hiyo liliweza kutaja picha iliyoko kwenye seva ya mbali, na kompyuta, kwa kulionyesha tu faili ndani ya folda, ilijaribu kuifikia seva ile na kuikabidhi data za uthibitisho wa mtumiaji. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini tazama ilivyofanya kazi: mtumiaji hakuhitaji kubadilisha mandhari. Ilitosha alione faili. Kufuli la mandhari lisingezuia chochote. Kinga ilikuwa sasisho, na kuzuia kompyuta za ndani zisiwasiliane na seva za nje kwa itifaki ya kushirikishana mafaili. Msimamizi anayetumia nguvu zake kufunga picha huku masasisho yakidorora ameanzia mwisho.

Faida ninayoikubali ya mandhari moja ni ya kusaidiana. Sikiliza simu inayopigwa kila siku katika ofisi yenye matawi:

"Shikamoo mama. Naomba unisomee jina la kompyuta yako."

"Marahaba mwanangu. Hapa imeandikwa HP."

"Hilo ni la kampuni, mama. Nataka jina lake lenyewe, la kwenye mtandao."

"Sasa hilo nitalionea wapi?"

Mama huyu hana kosa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Zana ndogo ya BGInfo, kutoka mkusanyiko wa Sysinternals ambao Microsoft iliununua mwaka 2006, huandika jina la kompyuta, anwani yake ya mtandao na mengineyo juu ya mandhari yenyewe, kwenye kona. Ongeza hapo namba ya simu ya dawati la msaada. Mandhari ya namna hiyo ina sababu ya kufungwa, na mfanyakazi ataielewa siku ya kwanza atakapokwama. Kaulimbiu ya mwaka haimsaidii mtu aliyekwama, na baada ya wiki mbili hakuna anayeisoma.

Ukishaamua kufunga, iangalie picha yenyewe. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 ikihifadhiwa bila kubanwa hufikia megabaiti 6.2. Weka faili hilo kwenye seva ya makao makuu na kompyuta 100 za wilayani ziliombe saa mbili asubuhi kupitia laini ya megabiti 10 kwa sekunde: hiyo ni zaidi ya dakika nane za laini kushughulikia mandhari tupu, wakati watu wanasubiri kufungua mfumo wa malipo. Picha hiyohiyo ikiwa JPEG iliyobanwa vizuri hushuka hadi sehemu ndogo ya megabaiti. Lililo bora zaidi ni kulinakili faili mapema ndani ya kila kompyuta na kuielekeza sera huko, kwa sababu laptopu inayosafiri na ofisa nje ya mtandao wa ofisi haiwezi kulifikia faili la seva, na inaweza kuishia kuonyesha rangi tupu. Skrini nyeusi hutisha watu kuliko tunavyodhani. Tarehe 14 Januari 2020, siku ambayo msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma, sasisho la mwisho lilileta hitilafu iliyowageuzia mandhari kuwa nyeusi wale waliokuwa wamechagua picha ya kunyooshwa. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho kwa kila mtu, kwa mfumo ambao ulikuwa umeshafikia mwisho.

Suala zito kuliko yote nililokutana nalo ni macho. Nembo nyeupe inayong'aa juu ya skrini nzima, saa nane kwa siku, ni adhabu kwa mtu mwenye kipandauso au asiyestahimili mwanga mkali. Mwenye uoni hafifu hupoteza ikoni zake ndani ya picha yenye mambo mengi. Majina ya ikoni huandikwa kwa herufi nyeupe, na juu ya mawingu meupe hayaonekani. Kwa watu hawa rangi moja tulivu, kijivu au bluu nzito, ni nyenzo ya kazi sawa na miwani. Wengi wao hawatakuja kulalamika. Watapunguza mwanga wa skrini, watasogeza kiti, watavumilia maumivu ya kichwa, na hakuna atakayeunganisha maumivu hayo na uamuzi uliofanyika chumba cha seva.

Ewe afisa TEHAMA, kabla hujawasha sera hii kwa yeyote, tengeneza kwanza kundi la msamaha ndani ya domeni, kundi ambalo sera hailigusi. Lipe jina linaloeleweka. Watangazie wafanyakazi wote kwamba lipo, waambie namba ya kupiga, na usimtake mtu alete cheti cha daktari ili apewe skrini ya kijivu. Kisha andika katika sehemu ya maelezo ya sera hiyo, palepale kwenye seva, ni mashine zipi zinafungwa, kwa sababu gani, na nani aliyeamua. Ukikosa la kuandika kwenye sababu, iache sera hiyo bila kuiwasha.